Njia ya Wampembe na Ramani ya Tokyo

Kujua mahali ni jambo moja, na kujua njia ni jambo jingine. Mtu aweza kuambiwa kwa hakika kwamba amesimama penye nyuzi kadha na dakika kadha kusini mwa Ikweta, naye asijue kama bonde lililo mbele yake lavukika au halivukiki. Mwingine aweza kuwa hajapata kusikia habari za nyuzi na dakika maisha yake yote, lakini akalivuka bonde hilo hilo usiku wa mvua na kufika kwake salama. Elimu ya kwanza hupatikana kwa vyombo; ya pili hupatikana kwa miguu. Historia ya njia za Ufipa ni historia ya elimu mbili hizi, ambazo siku hizi zakutana mbele ya usukani wa gari la mtumba.

Magari mengi ya mtumba yanayoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam hutoka Japani. Sababu moja ni kwamba katika nchi zote mbili watu huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani hukaa kulia. Kila gari huja na kumbukumbu za nchi lililotoka. Redio yake yaweza kuwa imefungwa kushika masafa ya Japani, ambayo huanzia megahezi 76, na stesheni nyingi za Tanzania haziisikii mpaka fundi aitie kigeuza masafa. Katikati ya dashibodi, aghalabu, kuna kioo cha kuonyesha njia. Kioo hicho husema Kijapani, na ramani iliyomo ndani yake ni ya Japani peke yake. Kinajua vichochoro vya Tokyo na madaraja ya Osaka. Sumbawanga hakiijui, wala Namanyere, wala Wampembe. Gari likipanda Ufipa, kioo huonyesha mahali patupu, au hung'ang'ania barabara za nchi lililoiacha, kama mzee aliyehamia ugenini ambaye kila akiulizwa njia hutaja mitaa ya kwao.

Wampembe ni kijiji cha pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa. Mbele yake ni maji. Nyuma yake ni ukuta wa milima unaopanda mpaka uwanda wa juu wa Ufipa. Uso wa ziwa uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Ufipa hupita mita 1,700 katika sehemu nyingi. Basi anayeshuka kutoka Kitosi kwenda Wampembe hushuka kadiri ya mita elfu moja, kutoka nchi ya baridi na mashamba ya mahindi hadi nchi ya joto, mitumbwi na dagaa. Njia ya namna hii haisomwi vema katika karatasi bapa. Mstari mfupi katika ramani waweza kuwa safari ya siku nzima, na mvua yaweza kuifanya safari hiyo kuwa hatari au kuizuia kabisa.

Kwa sababu ya ukuta huo, Wampembe kwa miaka mingi ilitazama majini zaidi kuliko ilivyotazama nchi kavu. Meli kubwa iliyojulikana huko ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ilikongolewa, vipande vyake vikatiwa katika makasha 5,000, vikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, na meli ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe na adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na ilipoanza kazi tena mwaka 1927 ilikuwa imepewa jina la Liemba, ambalo Livingstone alilisikia likitumiwa kwa maji ya kusini ya ziwa hilo mwaka 1867. Wampembe ilikuwa mojawapo ya vituo vyake katika safari ya kwenda Mpulungu. Meli ilipopiga honi, mitumbwi ilitoka kwenda kupokea watu na mizigo. Kwa abiria wa siku hizo, njia ya Wampembe ilikuwa maji.

Hata hivyo walikuwapo watu wa mbali waliotaka kuiandika nchi hii katika karatasi. Burton na Speke walifika ziwani mwezi wa Februari 1858. Burton alikuwa hoi kwa homa, na macho ya Speke yalikuwa yameugua hata hakuliona vizuri ziwa walilokwenda kulitafuta. Kwa kutazama joto ambalo maji huchemka, walikadiria kwamba ziwa liko futi 1,850 hivi juu ya bahari, ilhali kweli yake ni zaidi ya futi 2,500. Kosa hilo dogo la kipimajoto lilichanganya hesabu za mabwana wa jiografia waliokuwa wakibishana juu ya chanzo cha mto Naili.

Livingstone naye alipatwa na msiba wa vyombo. Ili kujua longitudo, msafiri wa zama zile alihitaji saa iliyo sahihi sana, kwa kuwa dunia huzunguka, na kila sekunde 4 za kosa ni dakika moja ya longitudo, yaani maili moja ya bahari karibu na Ikweta. Mapema mwaka 1867, aliyebeba saa za Livingstone aliteleza na kuanguka, na tangu hapo mwendo wa saa hizo ukaharibika. Longitudo zake zilipotoka kwa dakika 20 hivi. Kosa hilo huhesabiwa kuwa mojawapo ya sababu zilizomfanya apotee mapema mwaka 1873 katika vinamasi vya Bangweulu, alikokuwa amefika hapo zamani, na ambako alifariki mwezi wa Mei mwaka ule ule.

Katika jambo hili wasafiri wenzake wanastahili kukumbukwa. Mwaka 1872 walikuwa wamepita pamoja naye kando ya ziwa, katika pwani ya Wafipa, wakipanda na kushuka vilima vilivyochomwa na jua la mwezi wa Oktoba. Alipokufa, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake kwenda pwani ya bahari. Walipoukaribia mwisho wa kusini wa ziwa hawakuirudia njia ile ya vilima. Waliliacha ziwa mbali upande wa kushoto, wakapita nchi ya ndani kupitia Ufipa, nao wakaiona njia hiyo kuwa bora kuliko ile ya kwanza. Walifika Unyanyembe mwezi wa Oktoba 1873, na Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Nyayo zao zilikuwa zimejifunza, na walichojifunza mara ya kwanza walikitumia mara ya pili. Kusahihisha ramani si kitu kingine ila hicho.

Katika karne ya ishirini kazi ya vipimo iliendelea kwa ustadi mkubwa zaidi. Kati ya miaka 1931 na 1933 Mwingereza Martin Hotine aliongoza upimaji wa tao la meridiani ya 30 katika magharibi ya Tanganyika, kutoka mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini hadi mpaka wa Urundi. Ilikuwa sehemu ya mnyororo wa pembetatu uliokusudiwa kuunganisha Afrika Kusini na Misri, na pengo lake la mwisho, lililokuwa Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Juu ya mnyororo huo zilijengwa ramani rasmi za Afrika Mashariki, kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Kila nguzo iliyosimamishwa kileleni ilihitaji watu wa kubeba vyombo, kufyeka vichaka na kuonyesha mapito. Nguzo ziliingia katika ramani. Majina ya watu hao hayakuingia.

Kisha ulikuja wakati wa kupima dunia kutoka angani. Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfumo wa GPS mwaka 1978, kwa matumizi ya jeshi. Mwezi wa Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia katika anga ya Urusi ya Kisovieti na kutunguliwa. Baada ya msiba huo Rais Reagan alitangaza kwamba mfumo utakapokamilika utatumiwa na raia pia. Ulikamilika mwaka 1995, ukiwa na setilaiti 24 zinazozunguka kadiri ya kilometa 20,200 juu ya dunia. Mpaka mwezi wa Mei 2000 raia waliupokea ukiwa umefifizwa makusudi. Tangu hapo walipewa usahihi wa mita chache.

Siri ya mfumo huu ni ile ile iliyomshinda Livingstone, yaani saa. Kila setilaiti hubeba saa ya atomiki na kutangaza wakati wake. Chombo kilicho ndani ya gari hupokea matangazo ya setilaiti zisizopungua nne, hupima tofauti za wakati, na kutokana nazo hukokotoa mahali kilipo. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, mahali huhama kwa mita 300 hivi. Ajabu ni kwamba karibu mita 300 ndiyo tofauti iliyopo pia kati ya msingi wa Arc 1960 na msingi unaotumiwa na GPS. Anayechukua nyuzi kutoka katika karatasi ya zamani ya serikali na kuzitia katika chombo kipya bila kuzigeuza aweza kujikuta nje ya barabara, na huku karatasi ni kweli na chombo ni kweli. Japani nayo ilikuwa na msingi wake wa Tokyo, uliotofautiana na ule wa dunia kwa mita 400 na zaidi, mpaka ulipobadilishwa kwa sheria mwaka 2002. Kila nchi ilijipima kwanza kwa fimbo yake.

Huko Japani ndiko ufundi huu ulikoingizwa mapema ndani ya motokaa. Mwaka 1981 Honda iliuza chombo kilichoonyesha njia bila setilaiti, kwa kuhisi mizunguko ya gari na kusogeza alama nyuma ya ramani iliyochapwa katika karatasi angavu. Mwaka 1990 Mazda ilitoa gari lenye kioo cha GPS kilichojengwa humo kiwandani. Miaka mingi baadaye wajukuu wa vyombo hivyo hufika Tanzania, vikiwa vizima lakini vimepotea.

Dawa yake fundi wa umeme wa magari aijua. Hukitoa kioo cha zamani, akatia kingine kinachokubali ramani ya Afrika Mashariki. Hutafuta waya wa umeme wa kudumu, waya wa swichi na waya wa ardhi, asivichanganye. Antena huiweka chini ya kioo cha mbele, mahali inapoona anga, kwa maana sauti ya setilaiti ni hafifu mno na bati huizuia. Mwisho huhakikisha kwamba ramani imehifadhiwa ndani ya chombo chenyewe, kwa kuwa safari ndefu za milimani hupita mahali pasipo na mtandao wa simu. Kazi ikiisha, alama ya gari hutulia juu ya Sumbawanga, na mwenye gari hufurahi.

Lakini furaha hiyo ina mpaka wake. Chombo kimejua mahali. Je, kimejua njia? Setilaiti haiambii ramani kwamba daraja limechukuliwa na maji, wala kwamba mstari unaoteremka kwenda ziwani ni wa pikipiki na si wa lori. Hayo huandikwa na watu. Dereva anayempeleka mgonjwa Namanyere usiku wa masika akifuata mstari usio wa kweli, kosa la mchoraji aliyekaa mbali hulipwa na aliyelala kiti cha nyuma.

Mradi wa OpenStreetMap, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ulifungua mlango ambao zamani ulikuwa wa serikali na makampuni: mtu yeyote aweza kuchora njia anayoijua, na wengine wakaisahihisha. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam kuchora mitaa na mifereji ya kata zinazofurikwa na maji. Waliochora walikuwa wale wale waliozoea kuyaona maji yakiingia milangoni.

Kazi kama hiyo yafaa pia katika miteremko ya Ufipa. Mchuuzi wa dagaa anayepanda kwenda uwandani, mwendesha pikipiki wa Ninde, mwalimu aliyehamishiwa Kala, kila mmoja ana sehemu ya ramani ambayo Tokyo haina na London haikupata kuwa nayo. Susi na Chuma walikuwa na elimu ya namna hiyo, nayo ikawafikisha; ila hawakuwa na mahali pa kuiandika ili imfae aliyekuja nyuma yao. Leo mahali hapo papo. Gari lililokuja na kumbukumbu za nchi nyingine laweza kufundishwa nchi hii, iwapo wanaoijua watakubali kuwa walimu wake.