Mchezo wa Jioni: Mufwankolo, Televisheni na Hamu ya Siku Zilizopita Katika Ukanda wa Shaba

Watu wazima wa mataifa mengi huikumbuka televisheni ya utoto wao kwa michezo ya maswali na wageni mashuhuri walioalikwa kuipamba. Wamarekani husimulia habari za What's My Line? (1950–1967), ambapo waulizaji walifungwa vitambaa machoni kabla mgeni maarufu hajaingia. Wafaransa walikuwa na Des chiffres et des lettres, mchezo uliotokana na ule wa 1965 na ambao haukukoma mpaka 2024. Hamu ya namna hiyo ipo pia katika Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, lakini mchezo unaokumbukwa huko haukuwa wa maswali wala wa zawadi. Lugha yetu imetupa neno moja, mchezo, kwa mashindano na kwa maigizo pia. Mchezo wa watu wa ukanda wa shaba ulikuwa maigizo ya kikundi cha Mufwankolo, yaliyosikika redioni na kuonekana katika televisheni ya Lubumbashi.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba hamu hiyo ni ushahidi wa kihistoria unaostahili kuchunguzwa, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili tumechelewa kuushughulikia.

Vichekesho vya jukwaani havikuanza na televisheni. Katika miaka ya 1950, mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville ulikuwa na Jeunes Comiques de la Kenya, maarufu kwa jina la Jecoke. (Kenya hapa ni mtaa wa mji huo, si nchi ya Kenya.) Kutoka kwao alitokea mwimbaji Edouard Masengo. Jirani yao katika fani ya gitaa, Mwenda Jean Bosco, alirekodiwa na Hugh Tracey mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952. Wote wawili walifika Nairobi baadaye, wakawa nyota wa redio na wa matangazo ya biashara. Ikiwa tunatafuta wageni mashuhuri, basi kwa muda fulani Katanga ndiyo iliyowapeleka kwa jirani zake.

Mufwankolo lilikuwa jina la jukwaani la kiongozi wa kikundi, na kikundi chote kikaitwa kwa jina hilo. Namna yao ya kufanya kazi inastahili kuangaliwa kwa makini. Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walikutana, wakachagua jambo, wakakubaliana mwendo wa kisa na nani atakuwa nani, kisha kila mmoja akayajaza maneno yake papo hapo. Mambo yenyewe yalikuwa ya nyumbani na ya kambi za wafanyakazi: mshahara usiofika mwisho wa mwezi, pombe, wivu, jamaa wa kijijini aliyekuja kukaa siku mbili na hana dalili ya kuondoka. Mtazamaji hakuhitaji kuambiwa mchezaji ni nani, maana alimfahamu kama anavyomfahamu jirani aliye nyuma ya ukuta.

Lugha ilikuwa ile ya mitaani. Mtu ni mutu, watu ni bantu, na mahali ambapo sisi husema ndiyo wao husema njo. Kifaransa kiliingia na kutoka bila kubisha hodi. Ikumbukwe kwamba katika Zaire ya Mobutu Kifaransa kilikuwa lugha ya serikali, na Kilingala lugha ya jeshi na ya nyimbo za kumsifu Rais, ambaye picha yake ilitokea mawinguni kila habari zilipoanza. Katika chombo hichohicho, kwa muda wa mchezo mmoja, mtu wa Shaba (ndivyo jimbo lilivyoitwa toka 1971 hadi 1997) aliisikia sauti ya baraza lake. Naona hiki ndicho kiini cha hamu tunayoizungumzia, kuliko hata vichekesho vyenyewe.

Mwaka 1986 unatupa mfano ulio bora kuliko yote. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyejifunza habari za Jamaa katika kambi ya Musonoi, Kolwezi, miaka ya 1966 na 1967, alikuwa amerudi Lubumbashi. Mezani aliandaliwa firigisi la kuku, akaambiwa kwa Kifaransa kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Akauliza maana yake kwa watu mbalimbali, na miongoni mwao kikundi cha Mufwankolo. Wao hawakumjibu kwa maelezo. Waliligeuza swali likawa mchezo wa kijiji kilichovurugika na mtawala ambaye amri yake haisikiki. Wakaufanyia mazoezi, kisha ukapigwa picha kwa ajili ya televisheni katika kijiji cha Kawama, nje ya mji. Chini ya chama kimoja na mtawala mmoja, wachezaji walijadili hadharani iwapo mamlaka yanaweza kugawanywa, tena kwa kisingizio cha methali. Hatuna haja ya kudai kwamba ulikuwa uasi. Inatosha kwamba jambo lilisemwa na watazamaji wakaachiwa kazi ya kulifasiri.

Mwaka huohuo Gécamines ilitoa takriban tani 476,000 za shaba. Mnamo Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa imewapa watu nyumba, shule, hospitali na mgawo wa unga. Donatien Dibwe dia Mwembu aliita kitabu chake cha 2001 kwa jina linalowataja bana Shaba walioachwa na baba yao. Kwa hiyo anayeulilia mchezo wa jioni huenda anaililia pia sahani ya chakula iliyokuwa mbele yake alipoutazama. Tusisahau, hata hivyo, kwamba kumbukumbu huchagua: mishahara ilikuwa imekwisha kupungua nguvu katika miaka ya 1980, na vita vya Mei 1978 mjini Kolwezi vilikuwa bado vibichi mioyoni.

Ni nani basi aliyeyahifadhi maneno ya wachezaji hawa? Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha kitabu juu ya kikundi hicho mjini Vienna mwaka 1981. Fabian alitoa Power and Performance huko Wisconsin mwaka 1990, akiyaandika maneno ya mazoezi na ya mchezo wenyewe kwa Kiswahili cha Katanga pamoja na tafsiri. Sisi wa pwani na wa vyuo vya Afrika Mashariki tulikuwa tukikiita Kiswahili hicho kibovu, tukapita. Kamati ya Lugha ya 1930 iliyosanifisha lugha ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kongo haikuwamo, na mpaka ule umebaki katika vichwa vyetu. Kinaya ni kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Kiswahili tulichokidharau kilikuwa kinachekesha watu katika kioo miaka minane na zaidi kabla ya chetu cha Bara.

Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1986 sasa anakaribia hamsini, na wazazi wake, ambao ndio wanaoelewa kila dokezo, wanazidi kupungua. Mtafiti akienda Kolwezi asiwaulize kama zamani palikuwa pazuri, maana jibu lake linajulikana. Achukue maandishi ya 1981 na ya 1990, awasomee kwa sauti, kisha aandike ni katika neno gani walicheka, na ni katika neno gani walitazamana wakanyamaza.