Mwizi Anapojua Ratiba

Mwanzoni mwa 2011 mfanyakazi mmoja wa RSA, kampuni ya Kimarekani, aliokota barua pepe kwenye folda ya barua taka, akafungua kiambatisho chake. Lilikuwa jedwali la Excel lililodai kuwa mpango wa ajira wa mwaka ule. Lilibeba kirusi kilichopenya kwenye tundu la programu ya Flash ambalo lilikuwa bado halijazibwa. Wadukuzi wakahama kutoka kompyuta hadi kompyuta, wakaondoka na siri za SecurID, kile kidude kinachobadili tarakimu kila baada ya muda mfupi ili mtumiaji athibitishe kuwa ni yeye. RSA ilitangaza wizi huo tarehe 17 Machi. Kazi yake ilikuwa kuuza ulinzi.

Herufi R ya jina hilo ni ya Ron Rivest, aliyebuni na wenzake wawili mbinu ya RSA ya kuficha ujumbe mwaka 1977. Agosti 2011, mbele ya wataalamu wenzake huko Santa Barbara, Rivest alieleza mchezo alioutunga na watafiti wa maabara ya RSA, uitwao FlipIt. Wawili wanagombea kitu kimoja, tuseme ufunguo au seva. Yeyote anaweza kukitwaa saa yoyote, ila kila kutwaa kuna gharama. Na hakuna anayemwona mwenzake akikitwaa. Unajua hali ilivyo pale tu unapokitwaa wewe mwenyewe.

Mimi naona ujasiri mkubwa hapo. Kwa miaka mingi hesabu za usiri zilianza kwa kudhani kwamba ufunguo haujaibwa. FlipIt inaanza kwa kukiri kwamba utaibwa, kisha inauliza utaurudisha lini.

Jibu linaumiza ofisi nyingi. Ukibadili ufunguo kwa vipindi vinavyojulikana, mwizi anasubiri ubadili, anaingia nyuma yako, anakaa raha mpaka kipindi kijacho. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo nywila zilibadilishwa kila tarehe mosi. Tarehe mbili, ukiinua kibodi, unakuta kikaratasi kipya kimebandikwa chini yake.

Dawa ni kutotabirika, na wazo hilo ni la zamani. Mwanahisabati John von Neumann alithibitisha mwaka 1928 kwamba katika mchezo wa wawili, ambapo faida ya mmoja ni hasara ya mwenzake, kuna namna ya kuchanganya hatua kwa bahati nasibu inayomkinga mchezaji hata mpinzani akiijua. Mwaka 1934 Mjerumani Heinrich von Stackelberg akaandika juu ya kampuni inayotangulia na nyingine inayoitazama kabla ya kuamua. Mlinzi yuko hapo hapo: anapanga zamu, mwizi anamchungulia.

Ilichukua muda kutoka kwenye karatasi. Agosti 2007, uwanja wa ndege wa Los Angeles ulianza kutumia ARMOR, programu ya mtafiti Milind Tambe na wanafunzi wake, kupanga vizuizi vya polisi barabarani na doria za mbwa. Programu ilichagua kwa bahati nasibu, lakini penye hatari kubwa palipewa uzito zaidi. Binadamu akiambiwa apange ovyo hawezi; hukwepa kurudia alikopita jana, na mwizi makini huusoma mkwepo huo. Mwaka 2014 hesabu za jamii hiyo zilijaribiwa Uganda, katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth, kuwapangia askari njia za doria dhidi ya majangili wanaotega nyaya.

Na RSA? Mei 2011 kampuni ya silaha ya Lockheed Martin ilivamiwa, na siri zilizoibwa zilitumika. Juni ndipo RSA ilipojitolea kuwabadilishia wateja vidude vyao, ilhali vilivyokuwa mikononi mwa watu vilikaribia milioni 40. Kuanzia Machi hadi siku hiyo, kila aliyesoma tarakimu zake asubuhi ili aingie kazini hakuwa na njia ya kujua nani mwingine alikuwa akizisoma.