Kufuta si Kuosha: Historia ya Hifadhi Mango na Istilahi Zake

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoiteua lahaja ya mji wa Unguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, ulituachia urithi na deni. Urithi ni lugha iliyokwisha kukomaa katika mambo ya jahazi, chokaa, karafuu na sheria. Deni ni kuikuza lugha hiyo ili iyaeleze na yale ambayo wenyeji wa Mji Mkongwe wa wakati ule hawakuyajua. Makala haya yanahusu sehemu ndogo ya deni hilo, yaani vifaa vya kompyuta vinavyohifadhi maandishi pasipo kuzunguka, na kitenzi kimoja, kufuta, ambacho tumekibebesha mzigo usio wake.

Yafaa tuanze na diski ya zamani. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mtambo wenye sahani 50, kila moja ya kipenyo cha inchi 24, ambao kwa jumla ulihifadhi herufi milioni tano. Sahani zilizunguka, na mkono ukaenda na kurudi kupatafuta mahali palipoandikwa. Kwa ajili hiyo mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kazi zote za kompyuta, uliundwa kwa namna ya kuupunguzia mkono huo safari: kuyapanga maombi kwa mfuatano wa mahali, na kuvikusanya vipande vya faili vilivyotawanyika. Kufuta lilikuwa jambo jepesi. Mfumo uliliondoa jina la faili katika orodha yake. Maandishi yenyewe yalibaki pale pale hadi yalipoandikwa mengine juu yake. Diski haikuhitaji kuarifiwa, kwani kuandika juu ya maandishi ya zamani hakukuigharimu kitu.

Mambo yalibadilika mwaka 1984, pale Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba ya Japani alipotangaza aina mpya ya kumbukumbu ambayo hushika chaji katika seli ndogo mno za silikoni, na chaji hiyo hubaki hata umeme ukikatika. Aina yake inayotumika zaidi leo ilielezwa mwaka 1987. Mwaka 1991 kampuni ya SunDisk ya Marekani ilitoa kifaa cha namna hiyo chenye uwezo wa megabaiti 20. Humo hamna sahani wala mkono. Ndiyo maana tunalipendelea jina hifadhi mango kuliko diski mango: neno mango limekwisha kuzoeleka katika fizikia, na hapana haja ya kukiita diski kitu kisicho na diski.

Hulka ya kumbukumbu hiyo itaeleweka kwa mfano wa ubao wa mti uliotumika katika vyuo vya Kurani vya zamani. Mwanafunzi aliandika kwa wino mstari baada ya mstari, na ubao ukijaa aliuosha wote ndipo aandike upya. Vivyo hivyo hifadhi mango huandikwa ukurasa kwa ukurasa, lakini huoshwa bamba zima kwa mara moja, na bamba huwa na makumi au mamia ya kurasa. Aidha, kila kuoshwa hulichakaza. Seli inayobeba biti moja huweza kuvumilia kuoshwa mara 100,000 hivi. Inayobeba biti tatu huvumilia mara elfu chache tu.

Ili mifumo endeshi isisumbuliwe na ugumu huo, waundaji walimweka mkalimani ndani ya hifadhi: programu ndogo inayoipokea lugha ya diski ya zamani na kuifasiri. Mfumo ukiagiza paandikwe mahali fulani, mkalimani huandika katika ukurasa mtupu wowote, kisha huirekebisha orodha yake. Ndiye pia anayeugawa uchakavu ili bamba moja lisife mapema kuliko mengine. Lakini wasomaji wetu walio watafsiri wanajua kwamba mkalimani hawezi kufasiri lisilosemwa. Mfumo ulipofuta faili haukumwambia neno. Kwa hiyo hifadhi iliendelea kuyatunza maandishi yasiyo na mwenyewe, ikiyahamisha kutoka bamba hadi bamba kila ilipotaka kuosha. Matokeo yake yalikuwa kazi ya kuandika kupungua kasi na bamba kuchakaa kabla ya wakati.

Dawa yake ilikuwa amri iitwayo TRIM. Iliingia katika Windows 7 iliyotolewa Oktoba 2009, na katika Linux toleo la 2.6.33 la Februari 2010. Kwa amri hiyo mfumo endeshi huiarifu hifadhi kwamba kurasa fulani hazina kazi tena; hifadhi nayo huziosha kwa wakati wake. Matoleo kadhaa ya Linux hutoa taarifa hiyo mara moja kwa wiki. Mtafsiri mwenye haraka angeandika kupogoa, kwani ndiyo maana ya neno la Kiingereza. Hilo lingekuwa kulifasiri jina na kuiacha kazi, maana hapana kinachokatwa. Sisi tunapendekeza kuachilia.

Kiendeshi nacho kinahitaji kuangaliwa. Baadhi ya watafsiri hulitumia neno hili kwa kifaa cha kuhifadhia, na pia kwa programu inayouunganisha mfumo endeshi na kifaa. Katika hifadhi mango mkanganyiko huu una madhara, kwa sababu kasi yake hutegemea sana programu hiyo. Utaratibu wa AHCI uliruhusu foleni moja tu ya amri 32, ambayo iliutosha mkono mmoja. Utaratibu wa NVMe wa mwaka 2011 uliruhusu foleni zaidi ya 65,000, na kiendeshi chake kikaingia katika Linux toleo la 3.3 mwaka 2012. Basi kiendeshi na kibaki kuwa jina la programu, na kifaa kiitwe hifadhi.

Miezi ile ile ambayo TRIM ilikuwa ikienea, kisiwa cha Unguja kilikuwa gizani. Waya wa umeme upitao chini ya bahari kutoka Tanzania Bara ulipata hitilafu, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikosa umeme wa gridi, kama ilivyokuwa kwa muda wa mwezi mmoja hivi mwaka 2008. Umeme unapokatika ghafla, hutambulika tofauti nyingine ambayo lugha haina budi kuitunza. Hifadhi nyingi huyapokea maandishi kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo hupotea pamoja na umeme. Mfumo endeshi hutoa amri maalumu ili yaandikwe kabisa. Kwa hiyo kilichopokewa si lazima kiwe kimeandikwa, na kitabu cha maelezo kisiyaite yote mawili kuhifadhi.

Ni dhahiri basi kwamba suala hili si la wataalamu peke yao. Karani wa ofisi ya Vuga anayeambiwa afute faili ana haki ya kujua anachokifanya. Katika diski ya zamani, faili lililofutwa kwa bahati mbaya mara nyingi liliweza kurejeshwa. Katika hifadhi mango iliyokwisha kuachilia kurasa zake, aghalabu haliwezi. Na ofisi inayotoa kompyuta kuukuu yenye diski, ikidhani kwamba kufuta kunatosha, huenda ikawa inatoa siri zake pamoja nayo. Kitenzi kimoja kimewadanganya wote wawili.

Kwa hiyo tunapendekeza mgawanyo huu: kufuta ni kuliondoa jina katika orodha, kuachilia ni kuiarifu hifadhi, kuosha ni kuliondoa andiko lenyewe. Maneno yote matatu yalikuwako Unguja kabla ya kompyuta. Tunawaomba walimu, watafsiri na watumishi wa serikali, Bara na Visiwani, wayapime katika kazi zao na kutuletea maoni kabla hayajasanifiwa.