Jubaland: Deni la Vita vya Kwanza Lililolipwa katika Vita vya Pili

Saa tano asubuhi ya tarehe 11 Novemba 1918, mizinga ilinyamaza katika Ulaya. Katika Afrika ya Mashariki mapigano hayakukoma siku hiyo. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeyaongoza majeshi ya Wajerumani, alikuwa bado vitani katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia, na aliweka silaha chini mjini Abercorn tarehe 25 ya mwezi huo. Wakubwa wa dunia walitangaza kwamba vita vilivyokwisha vilikuwa vita vya kukomesha vita vyote. Haikutimia miaka 21, na tarehe 1 Septemba 1939 Ulaya ikawaka moto tena.

Sababu za msiba huo wa pili hutafutwa Versailles, mjini mwa wafalme wa Ufaransa, ambako mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919. Ni haki kuzitafuta huko. Lakini askari na polisi wa Afrika ya Mashariki hana haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Sehemu moja ya sababu hizo iko katika nchi yake mwenyewe, ukingoni mwa Mto Juba, na mkazi wa Mella anaweza kuielewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote.

Mella iko Tororo, upande wa Uganda, jirani na Malaba na Busia, na ng'ambo yake ni Kenya. Waiteso wako pande zote mbili. Ukoo mmoja, lugha moja, serikali mbili. Kabla ya mwaka 1902 hapakuwa na mpaka mahali hapo. Uganda ilienea mashariki hata Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 serikali ya Uingereza iliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wenye nchi hawakuulizwa. Hata hivyo, bwana wa pande zote mbili alikuwa mmoja, na kwa sababu hiyo kalamu ile haikuzaa vita. Miaka 23 baadaye kalamu kama hiyo ilitumika Jubaland, na safari hii aliyepewa ardhi alikuwa bwana mwingine.

Mwezi Aprili 1915, Uingereza, Ufaransa na Urusi ziliitaka Italia iingie vitani upande wao. Mkataba wa siri ulifanywa mjini London. Italia iliahidiwa ardhi katika Ulaya, na iliambiwa pia kwamba endapo Uingereza na Ufaransa zingejiongezea makoloni ya Wajerumani katika Afrika, nayo ingestahili kupewa fidia ya haki. Italia ikaingia vitani, ikapoteza watu wapatao laki sita.

Vita vilipokwisha, nyara ziligawanywa. Tanganyika ilikwenda kwa Uingereza, Ruanda-Urundi kwa Ubelgiji, na pembe ndogo ya Kionga, kusini ya Mto Ruvuma, kwa Ureno. Kwa maneno ya mkataba, nchi hizo kubwa ziliwekwa chini ya dhamana ya Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa. Kwa matendo, bendera moja ilishuka na nyingine ikapanda. Italia haikupata hata shamba katika mgawanyo huo.

Mwafrika naye alipata nini? Wapagazi wa jeshi, wale ambao jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa hesabu za Waingereza wenyewe. Wengi wao waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu, si risasi. Nyanza, jirani wa mpaka huu wa Mella, ilitoa wapagazi wengi kupita kiasi. Amani ilipokuja, serikali ya Kenya iliwagawia mashamba wanajeshi wastaafu wa Kizungu mwaka 1919, na Mwafrika akavikwa kipande shingoni. Huo ndio uliokuwa msingi wa amani mpya: mwenye nguvu analipwa, aliyebeba mzigo anaandikishwa.

Huko Italia manung'uniko yalikua. Wazalendo wa siasa kali walisema kwamba ushindi wao umekatwa viungo. Benito Mussolini alilidaka neno hilo, akaligeuza kuwa silaha, na mwezi Oktoba 1922 akashika serikali. Uingereza ilitaka kumtuliza mdai wake bila kutoa kilicho chake hasa. Wajumbe wa pande mbili, Milner wa Uingereza na Scialoja wa Italia, walikuwa wamekwisha kuafikiana juu ya Jubaland, na mkataba ulitiwa sahihi tarehe 15 Julai 1924. Mwaka 1925 nchi iliyo magharibi ya Mto Juba, pamoja na bandari ya Kismayu, iliondolewa Kenya ikakabidhiwa Italia. Mwaka uliofuata iliunganishwa na Somalia ya Kiitalia.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Wasomali walioishi humo walikuwa wamepigana na utawala wa Kiingereza kwa miaka mingi. Mapema mwaka 1916 wapiganaji wa ukoo wa Aulihan walikiteka kituo cha Serenli, wakamwua ofisa Mwingereza na askari wengi waliokuwa pamoja naye. Askari wa Keya walitumwa kuirudisha nchi ile chini ya amri. Hivyo ardhi iliyokuwa imegharimu damu ya Msomali na damu ya askari Mwafrika ilitolewa kulipa deni ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelikopa.

Mwanajeshi ataona jambo jingine katika kitendo hicho. Kabla ya 1925 mpaka ulikuwa mto, na mto ni ngome ya maumbile. Baada ya 1925 mpaka ulirudi nyuma magharibi, ukawa mstari ulionyoshwa kwa rula katika nyika kavu isiyo na maji. Aliyetoa ardhi alitoa pia handaki lake.

Wakati huo huo, Ujerumani ilikuwa ikinyonywa na kudhalilishwa. Jeshi lake lilipunguzwa hadi watu 100,000. Mwaka 1921 iliambiwa ilipe fidia ya marki za dhahabu bilioni 132. Mwezi Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia eneo la viwanda la Ruhr, na mwaka huo huo fedha ya Kijerumani ikawa karatasi isiyonunua mkate. Ulipokuja mdodoro wa uchumi wa dunia wa mwaka 1929, watu wasio na kazi nchini humo walifikia milioni sita. Adolf Hitler hakuiumba hasira hiyo. Aliikuta, akaipalilia, na tarehe 30 Januari 1933 akawa Waziri Mkuu. Hata hivyo, hasira ya mtu si ruhusa ya kuua jirani yake, na dhuluma ya Versailles haimtakasi Hitler wala Mussolini. Wao walichagua vita. Waliowatangulia waliwawekea kuni tayari.

Kuni hizo zilianza kuwaka katika Afrika. Mussolini, aliyekwisha kupewa Jubaland, hakushiba. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi yake yaliivamia Ethiopia bila kutangaza vita. Kundi moja lilitoka Eritrea, na jingine, chini ya Jenerali Rodolfo Graziani, lilitoka Somalia. Ndege zilimwaga gesi ya sumu juu ya watu waliokuwa na bunduki za kale. Ethiopia ilikuwa mwanachama wa Shirikisho la Mataifa tangu 1923, na sheria ya Shirikisho ilisema kwamba mwanachama mmoja akishambuliwa wote wameshambuliwa. Italia iliwekewa vikwazo vya biashara, lakini mafuta hayakukatazwa, na Mfereji wa Suez haukufungwa. Meli za Italia zilipita hapo zikiwa na askari na silaha, zikilipa ushuru kama meli za mfanyabiashara yeyote.

Tarehe 5 Mei 1936 Waitalia waliingia Addis Ababa. Tarehe 30 Juni Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho huko Geneva, akawaonya wakubwa kwamba jambo lililokuwa mezani halikuwa la Ethiopia peke yake. Mwezi Julai vikwazo viliondolewa. Hitler alitazama, akajifunza. Machi mwaka huo huo alikuwa amekwisha kuingiza jeshi Rhineland kinyume cha mkataba, na hakuna aliyemzuia. Mwaka 1938 aliichukua Austria, kisha akapewa sehemu ya Czechoslovakia katika mkutano wa Munich, ambako wenye nchi hawakuruhusiwa hata kuketi mezani. Munich ilikuwa Jubaland nyingine, kubwa zaidi: mdai ananyamazishwa kwa mali ya asiyekuwapo.

Hati ya deni ililetwa Afrika ya Mashariki tarehe 10 Juni 1940, Italia ilipotangaza vita dhidi ya Uingereza na Ufaransa. Kenya ilikuwa imezungukwa kaskazini na mashariki, kwa maana Ethiopia na Jubaland zote zilikuwa mikononi mwa adui. Mwezi Julai askari wa Keya waliokuwa Moyale walizingirwa, wakapenya usiku na kuuacha mji. Ndipo jeshi kubwa likakusanywa chini ya Jenerali Alan Cunningham: askari wa Afrika ya Mashariki, wa Gold Coast, wa Nigeria na wa Afrika Kusini. Mwanzoni mwa 1941 liliikata nyika ile kavu, likiuelekea Mto Juba ambao serikali ya London ilikuwa imeutoa kwa hiari. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25 Februari, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili tangu mji huo utekwe, Haile Selassie alirudi katika makao yake.

Batalioni za Uganda, zilizotokana na Keya ya Nne, zilikuwamo katika vita vya Ethiopia. Mapigano huko hayakwisha mpaka Waitalia wa mwisho waliposalimu amri Gondar mwezi Novemba 1941. Kisha askari wa Afrika ya Mashariki walipelekwa Burma, ambako Divisheni yao ya 11 iliwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944, matopeni na mvuani. Kijana wa Tororo au wa Busia aliyevaa sare mwaka 1940 alikuwa hajazaliwa, au alikuwa mtoto mdogo, mkataba wa London ulipofanywa kwa siri mwaka 1915. Yeye ndiye aliyedaiwa.

Baada ya 1945 wakubwa wa dunia walionyesha kwamba somo lilikuwa limeingia, japo kwa sehemu. Ujerumani ya Magharibi, badala ya kukamuliwa tu, ilisaidiwa kujijenga kwa fedha za Marekani tangu 1948, na haikurudi vitani na jirani zake. Lakini mipaka ya Wasomali haikupata dawa kama hiyo. Kaskazini ya Kenya ilipigana vita vya Shifta kuanzia 1963 hadi 1967, na Somalia na Ethiopia zilipigana Ogaden mwaka 1977 na 1978. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua mjini Cairo, Julai 1964, kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe, si kwa kuwa ilikuwa ya haki, bali kwa kuwa kuivunja kwa bunduki kungeiteketeza Afrika nzima. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, moto mwingine ulizuka. Askari wa Uganda waliingia Mogadishu mwaka 2007 chini ya Umoja wa Afrika, na majeshi ya Kenya yaliiteka Kismayu mwaka 2012 pamoja na Wasomali walioshirikiana nayo. Mjukuu alizikanyaga njia ambazo babu yake alizikanyaga mwaka 1941.

Historia hii ina fundisho kwa kila avaaye sare. Askari anaweza kukomesha mapigano. Hawezi peke yake kukomesha vita. Vita hukoma pale aliyeshindwa anapoachiwa njia ya kuishi, pale aliyetumika anapolipwa ujira wake, na pale mwenye ardhi anapoulizwa kabla ardhi yake haijatiwa katika mizani. Mambo hayo matatu yakikosekana, kusimamisha vita ni kuahirisha vita. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa za 1919 zilikuwa ndogo na zilionekana. Ukuta wa 1939 ulijengwa kwa mifupa ya mamilioni ya watu.

Kazi ya kuziba ufa haiko kwa mawaziri na mabalozi peke yao. Mpakani Mella polisi humkuta kila siku mama mwenye shamba upande mmoja na ndugu upande wa pili. Mpaka aukutao mama huyo hakuuchora yeye. Polisi akimtendea kwa sheria na kwa adabu, mstari ule wa 1902 hubaki kuwa mstari tu. Akimnyang'anya na kumtukana kwa sababu ametoka ng'ambo, ameanza kuandika deni jipya, na madeni ya namna hiyo, kama Mto Juba unavyoshuhudia, huletwa kwa watoto walio bado shuleni.