Mashapo na Mwamba Mashapo

Mashapo ni kile kinachotuama chini ya kimiminika: masalio mazito ya kahawa chungu kwenye kikombe cha mnywaji wa Kariakoo, au tope linalobaki Jangwani mafuriko ya mto Msimbazi yakishapungua. Kutokana na neno hilo la kila siku, jiolojia imepata istilahi mwamba mashapo: mwamba uliotokana na mchanga, tope au mabaki ya viumbe yaliyotuama, yakafunikwa, yakashindiliwa na kugandamana kwa muda mrefu mno.

Istilahi mwamba tabaka nayo hutumika. Hiyo hutaja umbo: matabaka yaliyolaliana, la chini likiwa kongwe kuliko la juu pale ambapo hayajapinduliwa. Mwamba mashapo hutaja asili, na kwa hiyo ni sahihi zaidi, maana hata lava huweza kumwagika tabaka juu ya tabaka.

Bonde la mashapo lisichanganywe na bonde la mto. Bonde la Msimbazi, kando ya Kariakoo, linaonekana kwa macho, na mto ndio uliolichonga. Bonde la mashapo ni sehemu ya ganda la dunia iliyodidimia ikajazwa, hata juu yake pakawa tambarare ya kujengwa maduka na maghorofa. Bonde la pwani ya Tanzania lilipanuka zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, Madagaska ilipokuwa ikijitenga na Afrika. Ganda lilivutwa, likapasuka na kuzama. Mito ikaleta mchanga na tope kutoka bara, bahari ikaongeza chokaa.

Mjazo huo una mali. Vilima vya Pugu vina kaolini, udongo mweupe wa kauri, ndani ya mawe ya mchanga. Chokaa ya matumbawe ya Wazo hutumika kutengeneza saruji. Gesi ya Songo Songo, Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974, imo katika vinyweleo vya mawe ya mchanga, ikizuiwa na tope lililoganda juu yake. Tangu 2004 hufika Dar es Salaam kwa bomba na kuzalisha umeme.

Hata hivyo, si kila hazina ya madini ni mashapo. Almasi ya Mwadui, Shinyanga, ililetwa juu na mwamba uliopanda kutoka kina kirefu kwa nguvu ya volkano. Hazina ni jina la jumla. Mashapo ni kile kilichotuama.