Mnyonge Mnyongeni: Filamu za Wastani na Jicho la Bondeni

Ukimuuliza kijana wa Bondeni, mtaa mkongwe wa Nakuru, filamu aliyotoka kuitazama ilikuwaje, mara nyingi atakujibu kwa maneno mawili: si mbaya. Jibu hilo ni fupi lakini lina uzito. Filamu bora husifiwa na kila mtu, na mbovu kabisa husahauliwa upesi. Zilizo nyingi ni za katikati, na hizo ndizo zinazohitaji jicho kali: uone kilichomo, uone kilichokosekana, kisha uvitaje vyote viwili. Wahenga walituachia kanuni ya kazi hiyo: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ila katika Bonde la Ufa haki ya kutoa hukumu haikupatikana bure. Kwa miongo mingi mtazamaji wetu alihukumiwa kabla ya kuruhusiwa kuhukumu.

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, L. A. Notcutt na G. C. Latham walianzisha mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika. Ulipofungwa mwaka 1937 ulikuwa umetoa filamu 35, kuhusu afya, kilimo na hata faida ya kuweka akiba posta. Zilizungushwa kwa lori katika Afrika Mashariki na ya Kati, Kenya ikiwemo. Sauti ilitoka kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Kwa ufundi zilikuwa hafifu, lakini haki yake tuipe kazi hiyo: walioigiza walikuwa wenyeji, na mtazamaji aliona nyuso zinazofanana na yake.

Kitengo cha Filamu za Makoloni, kilichoundwa London mwaka 1939, kilikuja na mtazamo mwingine. Kiongozi wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, basi akataka filamu ziende polepole na zisiwe na mbinu yoyote ya kamera. Zama hizo maofisa walipenda kusimulia kisa cha wanakijiji walioonyeshwa picha ya mbu aliyekuzwa, nao wakasema kwao hakuna mbu wakubwa hivyo. Wasimuliaji walikichukua kisa hicho kuwa ushahidi wa ujinga. Mimi nakisoma vingine. Mtu aliyelala na mbu maisha yake yote ameitazama picha, ameilinganisha na anachokijua, akasema haifanani. Hapo ndipo uhakiki wote unapoanzia.

Miaka ya 1950 Hollywood ilikuja na misafara yake. King Solomon's Mines ya mwaka 1950 ilitwaa tuzo 2 za Oscar, ya upigaji picha na ya uhariri, na ukiitazama leo utakubali kwamba nchi imepigwa vizuri kuliko watu. Mogambo ya mwaka 1953, iliyoongozwa na John Ford, iliwapa Ava Gardner na Grace Kelly uteuzi wa Oscar. Jina lake lilipewa sura ya neno la Kiafrika, ingawa Mswahili halijui. Ni filamu inayotazamika, yenye waigizaji hodari, lakini Afrika ndani yake imewekwa kama pazia nyuma ya mapenzi ya wageni.

Something of Value ya mwaka 1957 ilijaribu zaidi. Rock Hudson na Sidney Poitier waliigiza vijana wawili waliokua pamoja shambani, kisha Vita vya Mau Mau vikawatenganisha. Poitier alimpa mhusika wake, Kimani, heshima ambayo Mwafrika wa filamu za wakati huo alikuwa haipati. Hata hivyo, kwa mtu wa Nakuru, ambako mashamba ya walowezi yalienea pande zote na maskwota waliyalima bila kuyamiliki, hadithi hiyo inapungukiwa na jambo moja kubwa: ardhi. Filamu inalia juu ya urafiki uliovunjika na kuupita mbio mgogoro uliouvunja.

Kasoro kama hiyo ilirudi mwaka 1987 katika White Mischief ya Michael Radford, kuhusu kuuawa kwa mlowezi Lord Erroll mnamo Januari 1941. Erroll alikuwa na jumba kando ya Ziwa Naivasha, mwendo mfupi kutoka Nakuru. Filamu inaonyesha vizuri uvivu na uozo wa kundi lake la walowezi, na hilo tulikubali. Lakini watumishi wanaobeba sinia wanapita kama vivuli, nao ndio waliosikia kila neno na kuona kila mgeni aliyeingia usiku. Mtoto wa mpishi angetengeneza filamu nyingine kabisa.

Zipo pia zilizoteleza wazi. Sheena ya mwaka 1984 ilipigwa Kenya, ikaishia kuteuliwa mara 5 katika tuzo za Razzie za filamu mbovu. Pundamilia anayepandwa na shujaa wake alikuwa farasi aliyepakwa mistari. The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996 inasimulia simba wala watu wa Tsavo, lakini ilipigwa Afrika Kusini, na simba wake wana manyoya shingoni ilhali wale wa kweli hawakuwa nayo. Mkaazi wa mji ambao pundamilia na simba wako hifadhini mlangoni pake huyaona mambo kama hayo mapema. Kwa mara nyingine ni yule mtu na mbu wake.

Wakati huohuo, mitaani kulikuwa kumefunguliwa shule nyingine. Kanda za video zilipoingia, vibanda vilienea: televisheni moja, mabenchi ya mbao, filamu za Kihindi, kung fu ya Hong Kong, na Schwarzenegger. Filamu nyingi kati ya hizo zilikuwa za wastani. Hapo akatokea msimulizi. Kenya alivuma DJ Afro, Tanzania Lufufu, na Uganda maveejay wao. Msimulizi hakutafsiri tu. Alimbandika staringi jina la mtaani, akamwonya adui kabla hajapigwa, akatania pengo la hadithi lilipojitokeza, na alipochoshwa na mazungumzo marefu alisema wazi. Huo ulikuwa uhakiki uliofanywa filamu ikiendelea, mbele ya watu walioweza kuupinga papo hapo. Nchini Uganda ulifika mbali zaidi: Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, kwa fedha kidogo mno, imefika duniani sauti ya veejay ikiwa sehemu ya filamu yenyewe.

Nimekaa hapo kwa sababu filamu bora kabisa haimwachii msimulizi nafasi; imejaa yenyewe. Ya wastani ina mashimo, na katika mashimo hayo mtazamaji hujifunza kusema. Vijana waliokaa kwenye mabenchi hayo walijua tofauti ya mapigano yaliyopangwa vizuri na yaliyolipuliwa kabla hawajasoma ukurasa mmoja wa nadharia.

Jicho hilo tunalihitaji leo kuliko jana, maana filamu sasa zinatuhusu wenyewe. The First Grader ya mwaka 2010 inamsimulia Kimani Maruge, aliyeanza darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Uigizaji wa Oliver Litondo unagusa, ingawa filamu inatubembeleza mno tulie. Maruge mwenyewe, baada ya ghasia za uchaguzi zilizoikumba Kenya mwanzoni mwa 2008, alihamia kambi ya wakimbizi wa ndani. Ghasia hizo ndizo kiini cha Something Necessary ya Judy Kibinge, ya mwaka 2013, kuhusu mwanamke anayejaribu kuinua tena shamba lake na kijana aliyekuwa miongoni mwa washambuliaji. Inakwenda polepole, na sehemu nyingine zinalegea. Lakini Nakuru na Naivasha ziliungua Januari 2008, na filamu inayothubutu kumweka mwathiriwa na mshambuliaji ndani ya hadithi moja ina thamani ambayo nyota za mhakiki wa mbali haziwezi kuipima.

Hatari zetu sasa ni mbili. Wapo wanaosifu kila kazi ya nyumbani kwa kuwa ni yetu, na wapo wanaoidharau kwa kuwa si ya Hollywood. Wote wawili wamekataa kutazama. Mtayarishaji wa Riverwood, tasnia ya filamu za gharama nafuu jijini Nairobi, anayeuza kichekesho chake anastahili kuambiwa kwamba sauti yake ni mbaya na kwamba mazungumzo yake ni ya kweli, vyote kwa pumzi moja. Mwanakijiji wa mbu alifanya nusu ya kazi hiyo, akachekwa. Nusu iliyobaki, ile ya kumpa mnyonge haki yake, ni juu yetu.