Kantilal Jhaveri: Wakili Aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria

JHAVERI, Kantilal Laxmichand. Wakili wa Dar es Salaam mwenye asili ya Kihindi, mtetezi wa Julius Nyerere mahakamani, na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika.

Kesi iliyompa jina ilianza Julai 1958. Nyerere, kiongozi wa chama cha TANU, alikuwa ameandika katika gazeti la *Sauti ya TANU* akiwalaumu mabwana shauri wawili, Scott wa Songea na Weeks wa Geita, kwa namna walivyotumia madaraka yao. Serikali ikamshtaki kwa kashfa. D. N. Pritt, aliyewahi kumtetea Jomo Kenyatta huko Kapenguria, alikuja kutoka Uingereza kuongoza utetezi, na Jhaveri akawa pamoja naye. Kwa wakili aliyetegemea mahakama za mkoloni kupata mkate wake, hilo halikuwa jambo dogo. Agosti Nyerere alitiwa hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa.

Shilingi 3,000, yaani pauni 150, ndizo pia zilizokuwa kipato cha mwaka kilichompa mtu haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wakati ule, asipokuwa na elimu au cheo kilichotajwa na sheria. Wakazi wengi wa Temeke au Magomeni, Dar es Salaam, hawakukifikia kiwango hicho.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alichagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Zuberi Mtemvu, mwanachama wa TANU, aliukataa utaratibu huo, akajitoa na kuunda chama chake. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, uliukubali, na hapo ndipo watu kama Jhaveri walipopata nafasi. Mwaka 1959 aliingia Barazani akiungwa mkono na TANU, chama ambacho bado hakikumruhusu kuwa mwanachama. Imani ya namna hiyo inastahili kukumbukwa zaidi ya faini yenyewe.

Mkewe, Urmila, mzaliwa wa Pemba, alishiriki katika harakati za wanawake pamoja na Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT). Jhaveri aliandika kumbukumbu zake katika kitabu *Marching with Nyerere*, kilichotoka mwaka 1999.

TANU ilifungua milango kwa wananchi wa rangi zote mwaka 1963.